Karatasi Moja

Malalamiko yaliingia kabla ya mapambazuko,
simu ikinguruma juu ya kabati la sahani.
"Bibi Zdenka. Jagi limefika.
Limefika vipande vitatu, na cha nne kidogo
ambacho paka alikiona kabla yangu.
Natuma picha. Nangoja neno lako.
Radovan Hruška, Ostrava."

Nikaketi na gauni la kulalia, nyayo kwenye sakafu baridi,
nikaanza kumjibu kama hakimu aliyeamka vibaya:
Mosi, jagi lilitoka hapa Jablonec likiwa zima.
Pili, posta ndio waulizwe.
Tatu, nimeuza vitu mia mbili na kumi na vinne
na hakuna aliyewahi—
Nne, wapo wanaovunja wenyewe kisha wakaja kulia.
Hiyo ya nne niliifuta. Nikairudisha. Nikaifuta.

Hamnijui, acheni niseme.
Miaka thelathini na mmoja nilikaa kiwandani,
pale kioo kilipokwisha kupoa,
kazi yangu kuinua, kuzungusha kwenye mwanga, kutafuta dosari.
Povu moja ndani ya shingo: nyundo.
Mpini uliolalia upande, kwa unene wa ukucha: nyundo.
Wapulizaji waliniita Mama Hapana,
na nyundo ile ndogo ilichonga kiganja changu
hadi leo nikishika kijiko nakishika vile.
Sasa mtu wa Ostrava anifundishe mimi
kioo kilichovunjika kinafananaje?

Nikafungua picha, kuusaka uongo wake.
Ya kwanza: vipande juu ya kitambaa cha meza,
kijani kile cha bwawa letu barafu inapoyeyuka.
Ya pili: mpini peke yake, mzima, umeshika hewa.
Ya tatu: boksi, kona imebonyea. Ehee, nikasema, posta!
Ya nne: karatasi niliyofungia.

Karatasi. Moja.
Gazeti la Alhamisi, ukurasa wa chemshabongo,
herufi zangu za penseli zimeishia katikati.
Siku ile ikarudi yote bila kuitwa:
posta inafunga saa kumi na moja,
saa yangu inasema bado dakika tisa,
theluji, kiatu kimoja mguuni, kingine sikioni,
na rundo la magazeti liko stoo, ngazi kumi na sita chini.
Goti likasema: inatosha hiyo moja.
Nikalisikiliza goti.

Nikafuta mosi, pili, tatu.

"Bwana Hruška, jagi nililifunga vibaya.
Karatasi moja, mahali pa sita. Nilikuwa na haraka
lakini pia theluji ilikuwa nyingi.
Pesa zako nimezirudisha sasa hivi, na za posta.
Vipande usivitume, utajikata.
Niwie radhi."

Nikauinua ujumbe kwenye mwanga, nikauzungusha.
Mstari wa tatu, neno la kwanza: lakini.
Nyundo.

Adhuhuri akajibu.
Pesa zimeingia. Jagi kama lile, alisema, lilikuwa la dada yake Vlasta,
waliligombania wakiwa watoto hadi mama yao akalificha,
na hakuna aliyeliona tena.
Mpini ameuweka dirishani. Paka hauzoei.
"Halafu, Bibi, saba mlalo uliiacha wazi.
Ndege wa miguu mirefu, herufi saba. Ni korongo."

Nikatafuta penseli, nikaipata nyuma ya sikio langu,
ndipo nikakumbuka ukurasa uko Ostrava.

Alasiri nilikuwa na sahani ya mtu wa Brno.
Nikashuka stoo. Goti lilisema lake.
Nikahesabu karatasi sita, nikafika ngazi ya tisa,
nikarudi kuchukua mbili zaidi.